Ufunguo wa Mto Rufiji Anao Nani?

Bibi alisimama pembeni mwa shamba lake, hatua chache kutoka ukingo wa Rufiji upande wa Utete, akachimba ardhi kwa kisigino. Juu udongo ulikuwa umekauka na kupasukapasuka kama mguu wenye magaga. Alipoufukua kina cha vidole vinne hivi rangi ikabadilika: tope jeusi, la baridi, lenye maji yake. Akalifinya, akafungua kiganja nione alama za vidole zilivyobaki. "Hapa, mwanangu, tunapanda mahindi bila kungoja mvua. Maji yakishatoka yanatuachia cha kwetu." Ilikuwa Juni. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, kunde zikitambaa katikati ya mistari, na mvua ya maana haikutarajiwa hadi vuli.

Nikamuuliza habari za bwawa. Hakulaumu mtu. Alifuta mkono kwenye khanga, akatazama kule mto unakotokea. "Zamani mto ulijaa Mungu akitaka. Sasa nasikia kuna watu wana ufunguo wake. Ni akina nani, niende nikaseme nao?"

Nimefuatilia mijadala mingi ya Bwawa la Julius Nyerere, lile la umeme lililouziba Rufiji huko juu, bungeni, redioni, kwenye daladala, hata kwenye vikao vya wataalamu. Swali zuri kuliko la bibi yule sijakutana nalo. Karibu mjadala wote ulikuwa wa kujenga au kutojenga: waliotaka umeme upande mmoja, waliotetea Pori la Akiba la Selous upande mwingine. Mjadala huo umekwisha. Ujenzi ulianza 2019, maji yakaanza kuzuiwa tarehe 22 Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukaingiza umeme kwenye gridi ya Taifa Februari 2024, na mwaka 2025 mitambo yote tisa ikawa tayari. Kila mmoja una megawati 235, jumla 2,115. Ukuta umepanda mita 131 kwenye korongo la mto, na nyuma yake limelala ziwa lenye urefu wa kilomita 100 hivi. Gharama yake, takriban Sh6.5 trilioni, imetoka mfukoni mwa Watanzania.

Niseme nilipo mapema ili msomaji asinitafute. Nimefurahi kwamba umeme huu upo. Nimekulia kwenye nyumba iliyopanga maisha yake kwa ratiba ya mgao: nguo zilipigwa pasi usiku wa manane, samaki walikaangwa wote siku hiyohiyo kwa sababu friji lilikuwa kabati tu, na mtihani wa kidato cha nne niliusomea kwa kibatari ambacho mpaka leo nikikumbuka harufu yake macho yananiwasha. Anayedhani umeme ni anasa hajawahi kuingia wodi ya wazazi usiku taa zimezimika. Kwa hiyo sitetei bwawa libomolewe, wala silii kwamba lingejengwa kwingine.

Ninachosema ni kwamba bwawa hujengwa mara moja na huendeshwa kila siku, kwa miaka 60, 70, pengine zaidi. Kila siku kuna mtu anaamua maji kiasi gani yapite na kiasi gani yabaki. Uamuzi huo ndio unaopanga nani atapanda nini Utete, kamba watakulia wapi kwenye delta, na nani atahamia kwenye darasa la shule ya msingi maji yakiingia ndani. Kuhusu kujenga tulibishana miaka 40. Kuhusu kuendesha hatujaanza kubishana, na ndiko maisha ya watu yaliko.

Tuanze na mto wenyewe. Rufiji hupokea maji ya mito mikubwa mitatu: Kilombero unaoleta karibu asilimia 62, Luwegu asilimia 18, na Ruaha Mkuu kama asilimia 15. Masika yakikolea, kati ya Februari na Mei, mto ulikuwa ukitoka kwenye kingo zake na kutandaa bondeni. Kwa mgeni hayo ni maafa. Kwa Mrufiji, mafuriko ya wastani ndiyo yalikuwa mwaka mzuri. Mpunga humwagwa na mvua za mwanzo, ukaota, kisha maji ya mto yakaupandia polepole nao ukarefuka nayo. Watu walilala kwenye madungu, vibanda vya juu ya miti, wakilinda nguruwe na ndege huku maji yakipita chini yao. Maji yakitoka, yaliacha tope jipya lenye rutuba ambalo hakuna duka la pembejeo linaloliuza. Kwenye tope hilo ndiko kulikopandwa mazao ya mlau: mahindi, kunde, maboga, na zamani pamba. Mazao mawili kwa mwaka, la pili bila mvua. Maziwa madogo ya bondeni kama Zumbi na Ruwe nayo yalijazwa na mafuriko hayohayo, na kambale na perege wakaingia pamoja na maji.

Serikali imewahi kudhani inaujua mto huu kuliko wenyewe. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, Operesheni Rufiji iliwahamisha watu kutoka bondeni na kuwapeleka kwenye vijiji vya nyanda za juu, salama na mto. Nia ilikuwa njema. Lakini chakula kilibaki bondeni, na watu waliendelea kushuka kila msimu, wakitembea mwendo mrefu kwenda kulima mashamba waliyoambiwa ni ya hatari. Wengi wakawa na nyumba mbili, moja ya kuhesabiwa na nyingine ya kuishi.

Sasa bwawa. Ukuta ukizuia maji unazuia pia tope, ambalo hutulia chini ya ziwa na kubaki huko. Maji yanayotoka upande wa pili yana njaa: hula kingo na sakafu ya mto badala ya kuzilisha. Kule chini, kwenye delta yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote ya pwani ya Afrika Mashariki, maji baridi na maji ya bahari huishi kwa kusukumana. Mto ukilegea bahari inapanda, chumvi inaingia kwenye mashamba ya mpunga na visima. Kamba, wale wanaouzwa mijini kwa bei ya dhahabu, hukulia kwenye mikoko hiyo na hutegemea maji ya masika yaje na virutubisho vyake. Delta, Mafia na Kilwa viliorodheshwa pamoja mwaka 2004 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, kwa sababu hiyohiyo ya kushikamana. Ukigusa maji ya korongoni umegusa soko la Mafia.

Halafu kuna jambo la megawati, ambalo naona halielezwi vizuri, na lisipoelezwa hatuwezi kuzungumza na bibi kwa haki. Megawati 2,115 ni nguvu ya mitambo yote ikizunguka kwa pamoja. Haina maana kwamba bwawa litatoa kiasi hicho mchana na usiku, mwaka mzima. Matarajio ya mradi wenyewe ni karibu gigawati-saa 6,000 kwa mwaka, yaani kama theluthi moja ya kile ambacho mitambo tisa ingezalisha bila kupumzika. Sababu ni maji. Kwa maporomoko ya zaidi ya mita 100 kutoka juu ya ziwa hadi chini, mtambo mmoja ukiwa katika nguvu zake zote hunywa zaidi ya mita za ujazo 200 kwa sekunde. Tisa zinataka kama 2,000. Rufiji kwa wastani wa mwaka huleta takriban 800 pale korongoni. Mitambo ni mingi kuliko mto, na hilo si kosa la hesabu. Imewekwa hivyo ili jioni, watu wakirudi nyumbani na kuwasha taa, televisheni na majiko, bwawa liweze kutoa nguvu nyingi kwa saa chache, kisha lipunguze usiku wa manane.

Mabwawa ya aina hii duniani kote yana tabia moja upande wa chini: maji hupanda na kushuka kwa kufuata saa za mjini. Mvuvi anayetega nyavu alfajiri anaongozwa na saa ya kupika chakula cha jioni Dar es Salaam. Mama anayefua kwenye ukingo, mtoto anayevuka kwa mtumbwi kwenda shule, wote wanapaswa kujua mitambo mingapi imewashwa. Mto unaopanda bila wingu angani ni mto mgeni kwa watu waliozaliwa juu yake.

Aprili 2024 tuliona ugeni huo kwa ukubwa wake. Mvua za El Nino zilikuwa zimejaza bwawa haraka kuliko ilivyodhaniwa, mitambo iliyokuwa tayari ilikuwa ya kuhesabika kwa kidole, na maji ilibidi yafunguliwe. Rufiji na Kibiti zikazama. Muhoro, nyumba zilibaki mapaa. Ikaanza kesi ya barazani: wengine wakasema bwawa limetufurisha, Serikali ikasema bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi, maana mafuriko Rufiji si jambo geni na mwaka 2020 yalikuja hata bwawa halijakamilika.

Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na ukweli na zote zilipita pembeni ya jambo lenyewe. Bwawa la umeme hupata faida likijaa, kwa sababu kina kikubwa ni nguvu kubwa. Bwawa la kuzuia mafuriko hupata faida likiwa na nafasi tupu kabla ya masika. Ziwa moja haliwezi kujaa na kuwa tupu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kila mwaka, kabla mvua hazijaanza, kuna mtu lazima akate shauri: tuache nafasi ya mita ngapi? Akiacha ndogo, anacheza na maisha ya watu wa Muhoro. Akiacha kubwa na mvua zisije, anacheza na taa za nchi nzima. Huo ni uamuzi wa kisiasa katika maana safi ya neno hilo: ni kugawana hatari. Wanaogawiwa hatari wana haki ya kuujua mgawo wao kabla, wasiusome kwenye maji yanayoingia mlangoni.

Anayedhani natia chumvi namrudisha Mtera.

Kidatu, kituo cha umeme kwenye Ruaha Mkuu, ilianza kuzalisha 1975, na baadaye ikafika megawati 204. Bwawa la Mtera lilijengwa upande wa juu wa mto huo kuwa ghala: lihifadhi maji ya masika ya Ruaha Mkuu ili Kidatu ipate kunywa kiangazi. Mwaka 1988 Mtera ikafungiwa mitambo yake, megawati 80. Miaka michache baadaye ghala likawa tupu, nchi ikaingia gizani, na mwishoni mwa 1993 Ruaha Mkuu ukakauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko wakabanana kwenye madimbwi. Picha zile zilimaliza ubishi. Aliyekuwa na hatia akaonekana upesi: mkulima wa mpunga wa Usangu, bonde la juu ya mto huo, na mfugaji aliyeingiza ng'ombe kwenye ardhioevu ya Ihefu.

Watafiti wa maji walipokuja kukaa na takwimu, walikuta mambo mawili yaliyochanganywa kuwa moja. Ni kweli kwamba mifereji ya umwagiliaji Usangu ilimaliza maji ya kiangazi, na mto ukakauka hifadhini. Lakini maji ya kiangazi ni kidogo sana katika hesabu ya mwaka mzima ya Mtera. Mtera hujazwa na masika, na haijazwi na Usangu peke yake, maana kuna Ruaha Mdogo na Kisigo. Katikati ya Mtera na Kidatu nako huingia mito kama Lukosi. Hitimisho la waliochambua rekodi za mabwawa yenyewe lilikuwa kwamba Mtera ilifungulia maji mengi kuliko Kidatu ilivyoyahitaji, hata katika vipindi ambavyo Kidatu ilikuwa inapata ya kutosha kutoka mito ya katikati. Ghala lilipungua kwa sababu ya mshika ufunguo pia.

Hitimisho hilo lilibaki kwenye majarida ya wasomi. Mwaka 2006 kina cha Mtera kikashuka tena chini ya mita 690 juu ya usawa wa bahari, kiwango cha mwisho kinachokubalika kuzalishia umeme. Mgao ukaanza, ule ulioileta nchi kwenye mikataba ya umeme wa dharura na kashfa ya Richmond. Mwaka huohuo wafugaji wakaamriwa kutoka Usangu na mifugo yao. Maelfu ya ng'ombe yakaswagwa kwenda mikoa ya Lindi na Pwani. Tazama ramani: watu walioondolewa juu ya mto ili maji yafike kwenye mitambo, baadhi yao waliishia chini ya mto uleule, kwenye bonde la Rufiji na jirani zake, na ugomvi kati ya mkulima na mfugaji ukahamia huko pamoja nao.

Nimekaa na habari hii ya Mtera kwa sababu najua itakavyojirudia. Takriban nusu ya uwezo wote wa kuzalisha umeme nchini sasa uko kwenye ukuta mmoja, na asilimia 62 ya maji ya ukuta huo inatoka Kilombero. Siku ukame utakapokuja, na utakuja, tumewaona Wazambia mwaka 2024 na bwawa lao la Kariba, macho yote yatageukia Ifakara na Mlimba. Tutaambiwa tatizo ni mpunga, ni ng'ombe, ni watu waliovamia. Pengine sehemu ya hayo itakuwa kweli. Lakini kabla hatujamtafuta mchawi bondeni Kilombero, nataka daftari la bwawa lifunguliwe mezani: Januari kina kilikuwa ngapi, Machi kikawa ngapi, maji kiasi gani yalipita kwenye mitambo, kiasi gani yalimwagwa, na nani alisaini. Bila daftari hilo, mwenye sauti ndogo ndiye atakayehamishwa.

Kwenye karatasi, swali la bibi lina majibu. Mitambo inaendeshwa na Tanesco. Maji yenyewe si mali ya Tanesco. Ni mali ya umma, na kibali cha kuyatumia hutolewa na Bodi ya Maji Bonde la Rufiji yenye makao yake Iringa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka mpangilio wazi: kwanza maji ya mahitaji ya binadamu, pili maji ya kuhifadhi mazingira, ndipo matumizi mengine yafuate, na umeme uko kwenye hayo mengine. Jumuiya za watumia maji nazo zinatambuliwa. Sheria ni nzuri. Ila kutoka Utete hadi Iringa ni safari ya siku nzima kwa basi, na mwenye shamba la mlau hawezi kuacha kunde zake kwenda kuuliza kifungu cha sheria.

Wapo watakaosema mtambo wa umeme hauwezi kuendeshwa kwa kusikiliza kila kijiji. Ningewajibu kwa kuwapeleka Kihansi.

Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, ni megawati 180. Maporomoko yake yalikuwa yakirusha ukungu wa maji mchana na usiku kwenye korongo, na ndani ya ukungu huo, kwenye hekta chache tu, aliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu anayezaa watoto hai, asiyepatikana popote pengine duniani. Wanasayansi walimgundua 1996, ujenzi ukiwa umeshashika kasi. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, mwaka 2000, ukungu ukakatika. Chura karibu 500 walipandishwa ndege kwenda Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx. Mwaka 2009 spishi hiyo ikatangazwa kutoweka porini. Wakati huo Tanzania ilikuwa imeshajenga mabomba ya kunyunyizia maji korongoni kuiga ukungu, na sehemu ya maji ya mto ikaachwa iendelee kushuka njia yake ya zamani badala ya kuingia kwenye mitambo. Mwaka 2010 chura wa kwanza walirudi nyumbani.

Nimeifurahia kazi ile. Iliwezekana kukaa, kupima, kukubaliana kiasi cha maji, kukiandika kwenye kibali na kukiheshimu, kwa ajili ya kiumbe anayekaa kwenye ncha ya kidole. Watu wa Utete, Muhoro, Mloka na delta wanastahili hesabu ya namna ileile, wakikaa wenyewe kwenye kiti chao.

Hesabu yenyewe wala haitishi. Watu huogopa neno "kufungulia maji" kwa kudhani ni kumwaga umeme baharini. Lakini nimesema mitambo tisa inaweza kupitisha maji zaidi ya mara mbili ya wastani wa mto. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya mafuriko ya wastani, yale ya kulowesha bonde kwa wiki chache za Aprili, inaweza kupita kwenye mitambo ikizalisha umeme njiani. Kinachobadilika ni wakati. Aprili tutakuwa na umeme mwingi, na Oktoba maji kidogo zaidi ghalani. Basi Aprili mitambo ya gesi ipumzishwe. Gesi ya Songosongo na Mnazi Bay haiozi ikibaki ardhini, itatumika Oktoba. Njia ya kusafirisha umeme kati yetu na Kenya nayo ipo, na jirani anaweza kununua ziada ya masika. Mwaka wa ukame mafuriko hayo yatakuwa madogo au hayatakuwepo kabisa, na mkulima ataelewa, kwa sababu hata zamani Mungu hakuyaleta kila mwaka. Tope lililonasa ziwani halitarudi kwa njia hii, hilo lazima lisemwe wazi. Lakini unyevu utarudi, samaki watarudi kwenye maziwa, na chumvi itasukumwa nje ya delta.

Wazambia walilifikiria hili zamani. Bwawa la Itezhi-Tezhi kwenye Mto Kafue lilijengwa miaka ya 1970 likiwa na maji ya ziada yaliyotengwa makusudi ili kila Machi yafunguliwe kwa wiki nne kulowesha nyanda za chini, kwa ajili ya swala lechwe, samaki na ng'ombe wa wafugaji. Utekelezaji wake umekuwa na kasoro nyingi. Lakini wazo lilichorwa kwenye saruji kabla saruji haijamwagwa.

Mfano wa kinyume uko karibu zaidi. Mto Tana nchini Kenya umebeba mabwawa matano, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yaliyojengwa kati ya miaka ya 1960 na 1988. Wapokomo wa bonde la chini, wakulima wa kingo za mto kama Warufiji, walikuwa na kilimo kinachofuata kupanda na kushuka kwa maji. Leo wanaujua mto kwa njia mbili: miaka ambayo haupandi wa kutosha, na miaka ambayo Masinga inafurika na tangazo linatolewa watu wa Garissa na Tana River wahame. Ukosefu na wingi, vyote vya ghafla. Sitaki Rufiji ifike hapo.

Ninachoomba kinaweza kufanyika bila kubadilisha hata bolti moja. Kina cha ziwa na kiasi cha maji kinachotoka vitangazwe kila siku, kama Mamlaka ya Hali ya Hewa inavyotangaza mvua, tena kwenye redio zinazosikika Ikwiriri na kwenye simu ndogo za tochi. Kanuni za kuendesha bwawa ziandikwe kwa Kiswahili ambacho mwenyekiti wa kijiji anaweza kukisoma kwenye mkutano: kina kikifika hapa tutafungua milango mingapi, baada ya onyo la saa ngapi. Na kila mwaka kabla ya mvua, wanaoshika milango wakutane na wanaokaa chini yake, utabiri wa msimu ukiwa mezani, wakubaliane nafasi ya kuacha ziwani na maji ya kupeleka bondeni. Wa Kilombero nao waitwe, maana ukiwaita siku ya kuwafukuza tu utakuwa umechelewa.

Kuna watakaosema wakulima hawataelewa mita za ujazo. Bibi wa Utete alinieleza, kwa kuonyesha kwenye shina la mwembe, maji ya mwaka gani yalifika wapi, yalikaa siku ngapi, na mwaka huo alivuna magunia mangapi. Hana kipimo kingine, lakini ana kumbukumbu ya miaka 50 ambayo hakuna kompyuta korongoni iliyo nayo.

Mkutano wa kwanza naomba ufanyike Utete, mwezi wa Novemba, mbegu za mpunga zikiwa bado kwenye vibuyu. Watu wa mitambo waje, wa Bodi ya Maji waje kutoka Iringa, wavuvi wa delta wapande mashua mapema. Bibi ameniambia atakuja, na swali lake analo tayari: mwaka huu maji yatafika lini, na yatakaa siku ngapi.